Maswali Machache, Mazoezi Mengi: Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Uhasibu

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ajili hiyo kila nchi huweka utaratibu wa kuwapima watu watakaokabidhiwa daftari la mali ya umma na ya watu binafsi. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Nchini Kenya chombo cha mitihani ya taaluma hii, KASNEB, kilianzishwa mwaka 1969. Anayefaulu mitihani ya ngazi ya juu ya vyombo hivi hupata cheti cha CPA, na hatimaye huweza kuwekewa dhamana ambayo karani wa kawaida hawekewi.

Watahiniwa wengi wa mitihani hii si wanafunzi wa kutwa nzima. Chukulia karani wa hesabu katika halmashauri ya wilaya iliyo mbali na miji mikubwa. Mchana yumo ofisini akishughulikia hati za malipo na stakabadhi. Usiku ana saa moja au mbili za kusoma. Majuma kumi na mawili yamebaki kabla ya mtihani. Anacho kitabu kimoja cha kiada na maswali ishirini tu ya mitihani iliyopita, mengine hayana majibu. Karani huyu huamini kwamba kikwazo chake kikubwa ni uhaba wa maswali, na kwamba aliye mjini mwenye maswali mia mbili amekwisha kumshinda.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa imani hiyo haina msingi imara. Uchunguzi wa wanasaikolojia juu ya kumbukumbu, pamoja na umbile la uhasibu wenyewe, unathibitisha kwamba namna swali linavyotumiwa ina uzito mkubwa kuliko idadi ya maswali. Ingawa mfano unaotumika hapa ni wa mtihani wa taaluma, mwalimu na mwanafunzi wa somo la utunzaji wa hesabu katika shule ya sekondari wataona kuwa kanuni zake zinawahusu wao pia.

1. KWA NINI MASWALI HUWA MACHACHE

Uhaba wa maswali una sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba muhtasari wa masomo hubadilishwa kila baada ya muda. Muhtasari mpya unapoanza kutumika, mitihani iliyotungwa kwa kuufuata huwa bado michache. Ya pili ni kwamba sheria za kodi na viwango vya uhasibu hubadilika, hivyo swali lililokuwa sahihi jana laweza kuwa na jibu jingine leo. Ya tatu ni gharama: vitabu vya taaluma ni ghali, na mtu aliye mbali na maktaba hana mahali pa kuazima.

Mtahiniwa hana uwezo juu ya sababu hizi. Aliyo nayo ni mamlaka juu ya matumizi ya maswali machache yaliyomo mkononi mwake. Hapo ndipo wengi hukosea. Mara nyingi mtahiniwa husoma swali, husoma jibu lake, hutikisa kichwa kwa kuridhika, kisha huendelea na swali linalofuata. Kwa mwendo huo maswali ishirini humalizika kwa juma moja. Akirudi mwanzo huyakuta yote yana sura anazozifahamu, naye hudhani kuwa ameyaelewa.

2. SAYANSI YA KUSAHAU NA KUKUMBUKA

Mtu wa kwanza kuchunguza kusahau kwa vipimo vya kisayansi alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima muda aliouokoa alipojifunza orodha zile zile kwa mara ya pili. Baada ya dakika 20 aliokoa kiasi cha asilimia 58 ya kazi ya awali. Baada ya saa moja asilimia 44. Baada ya siku moja asilimia 34. Na baada ya siku 31 asilimia 21. Kusahau huenda kwa kasi sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Silabi zisizo na maana husahaulika upesi kuliko masomo yanayoeleweka, lakini umbo la mteremko huo limethibitishwa mara nyingi tangu wakati huo.

Swali linalofuata ni hili: kusahau huko kwazuiwaje? Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio lenye mafunzo makubwa. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, na katika vipindi vitatu vilivyofuata liliandika yote liliyoweza kukumbuka pasipo kutazama kifungu. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 na wenzao asilimia 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na waliojipima walikumbuka asilimia 61. Zaidi ya hayo, waliosoma mara nne ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Hapa pana hatari ambayo kila mtahiniwa anapaswa kuifahamu. Kusoma jibu mara kwa mara huleta hisia ya kujua, na hisia hiyo si ujuzi. Kumbukumbu huimarishwa na juhudi ya kulitafuta jibu kichwani, hasa juhudi inayochosha kidogo.

Jaribio la pili linahusu mpangilio wa mazoezi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, nchini Marekani, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Baadhi walifanya maswali ya umbo moja mfululizo kabla ya kwenda umbo jingine. Wengine waliyafanya yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliofanya mfululizo walipata asilimia 89 na waliochanganya asilimia 60. Juma moja baadaye waliofanya mfululizo walipata asilimia 20 tu, na waliochanganya walipata asilimia 63.

Sababu yake si ngumu kuiona. Anayefanya maswali kumi ya uchakavu mfululizo hajiulizi hata mara moja ni kanuni gani itumike, kwa kuwa anaijua tangu swali la kwanza. Mtihani haumwambii mtahiniwa swali limetoka katika sura ipi ya kitabu. Humtaka aitambue kanuni kwanza, kisha aitumie. Mazoezi yaliyochanganywa hufundisha yote mawili.

Kutokana na uchunguzi huu zinapatikana kanuni tatu: kujipima kuliko kusoma tena, kuachanisha mazoezi kwa siku kadhaa kuliko kuyarundika, na kuchanganya mada kuliko kuzifuata moja moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai maswali mengi. Zote zadai kwamba swali lile lile lirudiwe kwa sura mpya na kwa wakati tofauti.

3. SWALI MOJA, KAZI SITA

Uhasibu una tabia inayomfaa sana mwenye maswali machache. Tangu mtawa na mwanahisabati wa Kitaliano Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya mfumo wa maingizo mawili mjini Venice mwaka 1494, msingi wake umebaki ule ule: kila tukio huandikwa pande mbili zilizo sawa. Kwa hiyo tarakimu za swali moja zimefungamana. Ikibadilishwa moja, nyingine hulazimika kubadilika kwa namna inayoweza kuhesabiwa. Swali moja lililofungamana hivyo laweza kuzaa mengine mengi.

Chukulia swali hili. Kampuni ilinunua mashine tarehe 1 Januari kwa shilingi 24,000,000. Muda wa matumizi ulikadiriwa kuwa miaka 5, na thamani ya masalio shilingi 4,000,000. Uchakavu hukatwa kwa kiasi sawa kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka wa tatu mashine iliuzwa kwa shilingi 11,000,000, na fedha zikapokelewa benki. Onyesha maingizo ya mauzo hayo.

Kazi ya kwanza ni kulijibu swali kama lilivyo, kwa saa mezani na kitabu kikiwa kimefungwa. Uchakavu wa kila mwaka ni 24,000,000 kutoa 4,000,000, kisha kugawanya kwa 5, yaani shilingi 4,000,000. Kwa miaka mitatu ni 12,000,000, na thamani iliyobaki vitabuni ni 12,000,000. Maingizo ni haya: debiti Benki 11,000,000, debiti Uchakavu Uliolimbikizwa 12,000,000, debiti Hasara ya Mauzo 1,000,000, krediti Mashine 24,000,000. Pande zote mbili ni shilingi 24,000,000.

Kazi ya pili ni kulipindua swali. Kilichokuwa jibu kifanywe sehemu ya swali, na kilichotolewa kitafutwe. Kwa mfano: hasara ilikuwa shilingi 1,000,000, mashine iliuzwa kwa bei gani? Au: ingeuzwa kwa bei gani pasiwe na faida wala hasara? Anayejua hatua kwa kukariri hukwama hapa, anayeelewa hupita.

Kazi ya tatu ni kubadili kanuni. Uchakavu ukatwe kwa asilimia 30 ya salio linalopungua. Mwaka wa kwanza ni 7,200,000. Wa pili 5,040,000. Wa tatu 3,528,000. Jumla ni 15,768,000, na thamani iliyobaki vitabuni ni 8,232,000. Mauzo yale yale ya shilingi 11,000,000 sasa yanaleta faida ya shilingi 2,768,000.

Kazi ya nne ni kubadili hali katikati ya safari. Kanuni ikiwa ile ya kwanza, mwanzoni mwa mwaka wa tatu mafundi wanaeleza kuwa mashine itaweza kutumika miaka 5 mingine kuanzia hapo. Thamani iliyobaki vitabuni wakati huo ni 16,000,000. Ikitolewa masalio ya 4,000,000 na kugawanywa kwa 5, uchakavu mpya ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Miaka iliyopita haiguswi, kwa sababu makadirio yaliyobadilika hurekebishwa kuanzia sasa kwenda mbele. Makosa ya vitabu hurekebishwa kwa kurudi nyuma. Tofauti hiyo huulizwa mara kwa mara mitihanini.

Kazi ya tano ni kuliunganisha swali na somo jingine. Chukulia kwamba kwa hesabu ya kodi mashine hiyo hupewa punguzo la asilimia 25 ya salio linalopungua, na kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza thamani ya vitabuni ni 20,000,000, na thamani ya kikodi ni 18,000,000. Tofauti ya 2,000,000 ikizidishwa kwa asilimia 30 inaleta dhima ya kodi iliyoahirishwa ya shilingi 600,000. Hivyo swali la uchakavu limefungua mlango wa somo la kodi bila ya kununua kitabu kipya cha maswali.

Kazi ya sita ni kupanda kosa na kulieleza kwa maneno. Chukulia mashine haikuuzwa, na mwanzoni mwa mwaka wa tatu kampuni ililipa shilingi 3,000,000 kwa matengenezo ya kawaida, lakini karani akayaandika kama nyongeza ya mali. Kiasi hicho kilipasa kuwa gharama ya mwaka huo. Badala yake kiligawanywa kwa miaka mitatu iliyobaki, na gharama iliyoonekana ni 1,000,000 tu. Faida ya mwaka wa tatu imezidishwa kwa shilingi 2,000,000. Mtahiniwa aandike aya moja ya kumweleza mkurugenzi asiyejua uhasibu kwa nini faida hiyo si ya kweli, na aya nyingine ya kueleza ni hati gani mkaguzi angezitazama ili aligundue kosa hilo.

Kwa njia hii maswali 12 huwa kazi 72, na kila kazi hupima jambo ambalo nyingine haikulipima.

4. KUSAHIHISHA PASIPO JIBU LA MFANO

Msomaji aweza kuuliza: maswali yaliyogeuzwa hayana majibu kitabuni, je, mtahiniwa atajuaje kama amekosea? Jibu limo katika uhasibu wenyewe, kwani una njia kadhaa za kujikagua.

Ya kwanza ni usawa wa pande mbili. Urari usiolingana ni ushahidi wa hakika kwamba pana kosa. Hata hivyo urari unaolingana si ushahidi kwamba hakuna kosa. Yapo makosa sita ambayo urari hauyafichui: kuacha kabisa tukio; kuandika katika akaunti ya mtu mwingine wa aina ile ile; kukiuka kanuni, kama karani aliyeyafanya matengenezo kuwa mali; kuandika tarakimu isiyo sahihi pande zote mbili; makosa mawili yanayofidiana; na kugeuza debiti kuwa krediti na krediti kuwa debiti.

Ya pili, yenye nguvu zaidi, ni kutafuta kiasi kisichobadilika. Katika mfano wa mashine, kampuni ilitoa shilingi 24,000,000 ikarudishiwa shilingi 11,000,000. Iliyopotea kwa miaka mitatu ni shilingi 13,000,000, na hakuna kanuni ya uhasibu iwezayo kubadili ukweli huo. Hebu tazama matokeo. Kwa njia ya kiasi sawa: uchakavu 12,000,000 kujumlisha hasara 1,000,000 ni 13,000,000. Kwa njia ya salio linalopungua: uchakavu 15,768,000 kutoa faida 2,768,000 ni 13,000,000. Yakibadilishwa makadirio kama katika kazi ya nne, na mashine ikauzwa mwishoni mwa mwaka wa tatu: uchakavu ni 4,000,000 na 4,000,000 na 2,400,000, yaani 10,400,000, thamani ya vitabuni ni 13,600,000, hasara ni 2,600,000, na jumla ni 13,000,000.

Njia tatu zimefika mahali pamoja. Aliyepata jumla nyingine anajua pasipo kuambiwa kuwa amekosea. Pamoja na hayo amejifunza jambo ambalo huenda kitabu hakikulitamka waziwazi: kanuni za uchakavu hazipunguzi wala kuongeza gharama ya mali, huigawa tu baina ya miaka. Mhasibu anayelifahamu hilo hatadanganyika aonapo kampuni imepata faida kwa kuuza mashine kuukuu. Atauliza kwanza uchakavu wake ulikatwaje.

Ya tatu ni daftari la makosa. Kila kosa liandikwe katika safu nne: swali, kosa lenyewe, chanzo chake, na tarehe ya kulirudia. Safu ya chanzo ndiyo muhimu kuliko zote. Je, mtahiniwa hakuijua kanuni? Aliijua lakini hakutambua kuwa hapa ndipo mahali pake? Alikosea kuhesabu? Alisoma swali vibaya? Au muda ulimwishia? Kila chanzo kina dawa yake. Asiyejua kanuni arudi kitabuni. Asiyeitambua achanganye mazoezi. Anayesoma vibaya apige mstari chini ya kitenzi cha swali kabla ya kushika kalamu. Kumpa wote hao maswali hamsini zaidi ni sawa na kuwapa wagonjwa wa maradhi mbalimbali kidonge kimoja.

5. HADHARI JUU YA MASWALI YA ZAMANI

Maswali ya mitihani iliyopita ni hazina, lakini hazina yenye sarafu nyingine zisizotumika tena. Tanzania ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tarehe 1 Julai 2004, na viwango hivyo vimeendelea kubadilika. Mifano mitatu yatosha.

Kwanza, maswali ya kale ya bidhaa ghalani huruhusu hesabu ichukulie kuwa bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyotoka kwanza. Kiwango cha IAS 2 kilichorekebishwa hakiruhusu njia hiyo kwa vipindi vya hesabu vilivyoanza tarehe 1 Januari 2005 na baada yake. Pili, kabla ya kiwango cha IFRS 16 kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, mpangaji aliweza kuonyesha kodi ya pango kuwa gharama tu katika mikataba mingi. Sasa, isipokuwa mikataba isiyozidi miezi 12 na ile ya vitu vya thamani ndogo, mpangaji huonyesha haki ya kutumia mali upande mmoja na deni upande wa pili. Tatu, kanuni za kutambua mapato zilibadilishwa na IFRS 15, iliyoanza tarehe 1 Januari 2018.

Hata hivyo swali lililopitwa na wakati lisitupwe. Mtahiniwa alijibu kwa kanuni ya zamani, kisha alijibu upya kwa kanuni ya sasa, na mwisho aeleze tofauti na sababu yake. Hiyo ni kazi ya tatu iliyokwisha kuelezwa. Jambo la lazima ni kuandika juu ya kila swali mwaka lilipotungwa, na kulilinganisha na viwango vinavyotahiniwa sasa kabla ya kuliamini jibu lake.

6. MPANGO WA MAJUMA KUMI NA MAWILI

Karani mwenye maswali 20 ayagawe mafungu matatu kabla hajalisoma hata moja kwa makini. Maswali 12 yawe ya kujifunzia, 4 ya kujipima katikati, na 4 yafungwe katika bahasha. Bahasha hiyo ndiyo mizani yake. Swali lililokwisha kuonekana hupima kumbukumbu ya swali hilo. Ni swali geni tu linaloweza kupima ujuzi.

Juma la 1 hadi la 5 afanye kazi nane kila juma kutoka katika maswali 12, akichanganya mada, na asifanye kazi mbili za swali moja siku moja. Juma la 6 afanye maswali manne ya kati kwa masharti ya mtihani, kisha asahihishe na kulijaza daftari la makosa. Juma la 7 hadi la 10 aendelee na kazi nane kila juma, akianza na mada zilizojaa katika daftari hilo. Hapo kazi 72 zitakuwa zimekamilika. Juma la 11 aifungue bahasha na kufanya maswali yake katika kikao kimoja. Juma la 12 asitafute swali jipya. Ayarudie makosa yake.

Kuhusu muda, hesabu yake ni nyepesi. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 humpa mtahiniwa dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 36, wala halina zaidi. Muda huo uheshimiwe tangu juma la kwanza, kwani wengi hushindwa kwa kuliacha swali zima mikono mitupu, ilhali jawabu lake walikuwa nalo.

Lazima pia mapungufu ya mpango huu yakiriwe. Maswali 20 hayawezi kugusa kila mada ya muhtasari. Mtahiniwa aandike orodha ya mada zote na kuweka alama mbele ya kila iliyo na swali. Mada zilizobaki wazi azitungie maswali kutokana na mifano ya kitabu cha kiada, ama kutokana na taarifa za fedha za benki na za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambazo hutangazwa kwa umma. Gazeti lililofungiwa maandazi laweza kuwa na mizania halisi inayongoja kusomwa.

7. KWA MWALIMU WA SEKONDARI

Shule nyingi zina nakala chache za vitabu vya utunzaji wa hesabu. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni swali moja kila Jumatatu, na kulitumia kwa juma zima: Jumatatu wanafunzi walijibu, Jumatano walipindue, Ijumaa wabadili kanuni au watafute kosa lililopandwa. Juma linalofuata swali hilo lirudi kwa dakika tano likiwa limechanganyika na mengine. Wanafunzi wakitungiana maswali wenyewe, faida huwa kubwa zaidi, kwa maana hakuna awezaye kutunga swali lenye jibu timilifu pasipo kuielewa kanuni yake.

HITIMISHO

Mtihani wa uhasibu haukusudiwi kumpata mtu aliyeona maswali mengi. Hukusudiwa kumpata mtu ambaye, akikabidhiwa vitabu asivyopata kuviona, atajua aanzie wapi na atatambua palipo na kosa. Ofisini kila ankara ni swali geni, na hakuna jibu la mfano lililoandikwa nyuma ya kitabu. Karani aliyelifanyia swali moja kazi sita, akajisahihisha kwa hoja na kuyaandika makosa yake, amekwisha kuifanya kazi ya mhasibu kabla ya kupata cheti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa nayo ni mali.

MAZOEZI

1. Duka lilianza mwaka likiwa na bidhaa za shilingi 600,000, likanunua za shilingi 2,900,000, na likabakiwa na za shilingi 500,000. Mauzo yalikuwa shilingi 3,750,000. Tafuta faida ghafi.

2. Lipindue swali la kwanza: bidhaa zilizobaki ziliungua kwa moto kabla ya kuhesabiwa. Mwenye duka huongeza asilimia 25 juu ya gharama ili kupata bei ya kuuzia. Tafuta thamani ya bidhaa zilizoungua.

3. Katika swali la kwanza imegundulika kuwa bidhaa zilizobaki zilizidishwa kwa shilingi 100,000. Eleza athari yake kwa faida ya mwaka huo na ya mwaka unaofuata. Ni kiasi gani kisichobadilika?

Majibu

1. Gharama ya mauzo ni 3,000,000. Faida ghafi ni shilingi 750,000.

2. Gharama ya mauzo ni 3,750,000 kugawanya kwa 1.25, yaani 3,000,000. Bidhaa zilizokuwapo kwa jumla ni 3,500,000. Zilizoungua ni shilingi 500,000.

3. Faida sahihi ya mwaka huo ni shilingi 650,000. Bidhaa za mwisho wa mwaka mmoja ndizo za mwanzo wa mwaka unaofuata, hivyo faida ya mwaka unaofuata ilipunguzwa kwa shilingi 100,000 na yapasa kuongezwa kwa kiasi hicho. Jumla ya faida ya miaka miwili haibadiliki.